Vasilopita ya watu 60: sarafu inawekwa lini, na keki inakatwaje?

JikoLaParokia

Heri ya sikukuu wapendwa. Naomba ushauri wa wanaoijua vasilopita, ile keki ya 1 Januari yenye sarafu ndani. Parokia yetu ya Kiorthodoksi iko Nairobi na tutaikata baada ya Liturujia. Watu ni 60, na kati yao watoto ni kama 20. Oveni tuliyonayo ni ya gesi, ya kawaida, na inaingiza trei moja ya sentimita 35 kwa 45.

Sarafu gani inafaa, na inawekwa kwenye rojo kabla ya kuoka au keki ikishaiva? Tukate vipi ili kisu kisiigonge sarafu na kuzua ubishi kwamba ni ya nani? Kipande cha kwanza ni cha Kristo, hilo najua. Baada ya hapo mpangilio ukoje? Watoto wadogo tuwafanyeje? Na kama kuna mwenye kipimo cha keki kinachotosha trei hiyo, nitashukuru, maana vingi vya mtandaoni ni vya watu 10 au 12.

---

Mwokaji_EA

Dada, nianze na keki, kwa sababu keki ikishuka katikati hata sarafu haitakuwa na pa kukaa.

Kipimo cha msingi ni cha chombo cha duara cha sm 28, chenye kina cha sm 7: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 400, siagi gramu 250, mayai 5, mtindi mzito ml 250, juisi ya machungwa ml 120, maganda ya machungwa mawili yaliyokwaruzwa (ile rangi ya juu tu, weupe wa ndani ni mchungu), beking pauda vijiko 4 vya chai, soda ya kuokea nusu kijiko cha chai, vanila kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo. Unga uwe ule wa kawaida. Ukinunua ambao tayari umetiwa beking pauda kiwandani, utaongeza mara mbili na keki itamwagika trei.

Trei yako ni kubwa kuliko hiyo duara kwa zaidi kidogo ya mara mbili na nusu, kwa hiyo zidisha vitu vyote kwa 2.5: unga kilo 1 na robo, siagi gramu 625, mtindi ml 625, juisi ml 300, mayai 12 makubwa au 13 ya wastani. Sukari na beking pauda ndizo usizizidishe kibubusa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, gesi ya beking pauda inatanuka zaidi, keki inapaa haraka kabla haijashika, kisha inazama katikati. Badala ya vijiko 10 tumia 7. Sukari iwe gramu 900 badala ya kilo nzima, kwa kuwa sukari nyingi nayo inachelewesha keki kushika. Ongeza mtindi vijiko 4 vya chakula, kwa sababu maji hukauka upesi mwinukoni.

Siagi na mayai vitoke kwenye friji saa 2 kabla. Piga siagi na sukari dakika 8 hadi 10, mpaka iwe nyeupe na laini. Tia yai moja moja. Mayai ya baridi yanalikata rojo, unaliona limekuwa kama maziwa yaliyoganda. Likifika hapo tia vijiko viwili vya unga upige tena, litarudi. Soda ikoroge ndani ya juisi kwenye bakuli kubwa, maana inafuka povu sana. Kisha unga kidogo, mtindi kidogo, unga tena, juisi, ukimalizia na unga. Ukishatia unga acha mashine, koroga kwa mwiko mpaka weupe wa unga upotee, basi. Ukiendelea kupiga, keki inakuwa ngumu na ndani inatoboka mashimo marefu.

Trei iwe na kina cha angalau sm 5, na karatasi ya kuokea itokeze pande mbili ili upate pa kushika. Moto nyuzi 165, dakika 60 hadi 70. Usifungue mlango kabla ya dakika 40. Ikiwa juu inapata rangi mapema, ifunike kwa foili bila kuibana. Imeiva pale kijiti kinapotoka kikavu katikati, si pembeni, na kingo zimeanza kuachana na trei.

Kuhusu sarafu: weka baada ya kuoka. Ukiitia kwenye rojo laini namna hii inazama mpaka chini, inagusa trei, na siku ya kukata inaonekana kwa chini kabla mtu hajapewa kipande. Keki ikishapoa kabisa, igeuze kwenye ubao. Sasa sehemu ya chini iko juu. Chana mpasuo wa sm 3 kwa ncha ya kisu chembamba, sukuma sarafu ndani mpaka izame sm 2, bana mpasuo kwa vidole. Geuza tena. Juu hakutakuwa na alama yoyote.

---

Mswahili_Athens

Ndugu Mwokaji kaeleza vizuri, ila kwenye sarafu nina neno. Keki si namna pekee. Vasilopita ya asili ya Konstantinopoli ni mkate wa hamira wenye mayai, siagi, mahlabu (kiungo cha kokwa za cheri) na mastiha (utomvu wa mti wenye harufu nzuri) ya kisiwa cha Chios. Huku Ugiriki, watu wa Epiro na sehemu za Thesalia wanaoka pai ya chumvi, yenye nyama, jibini au liki, kati ya matabaka ya chapati nyembamba za unga. Huko sarafu huingia kabla ya kuoka na haileti shida. Kwenye mkate unaichomeka baada ya kuliviringisha donge, kabla ya kuumuka mara ya pili, na donge linaishikilia palepale. Kwenye pai inakaa katikati ya mjazo. Kwa hiyo kanuni ya «baada ya kuoka» ni ya keki ya rojo. Anayeoka mkate asiuchane bure.

Kuhusu mpangilio. Mtakatifu Vasilio Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alifariki mwaka 379 na anakumbukwa 1 Januari. Simulizi ya kanisa inasema watu wa mji walitoa mali zao kulipa kodi ya kikatili, mtoza kodi akaondoka bila kuzichukua, na Vasilio akashindwa kujua kipi ni cha nani. Akaagiza mikate iokwe na vitu vile ndani, kila mtu akapata chake. Hiyo ni simulizi. Lakini kilicho katika historia ni kwamba alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa, wasafiri na maskini, yaliyokuja kuitwa Vasiliada. Ndiyo maana kipande cha maskini hakiachwi. Nakuomba msikiruke hata kama watu ni wengi na keki inaonekana ndogo.

Padre anaibariki keki, wanakwaya wanaimba tropari (wimbo mfupi) ya mtakatifu, na padre anachora msalaba juu ya keki kwa kisu mara tatu. Kisha vipande vinatajwa kwa sauti kimoja kimoja: cha Kristo, cha Mzazi-Mungu (yaani Bikira Maria), cha Mtakatifu Vasilio, cha kanisa, cha maskini. Nyumbani, badala ya kanisa, kinatajwa kipande cha nyumba, halafu baba, mama na watoto kuanzia mkubwa, na wale walio safarini. Parokiani baada ya vile vitano anafuata askofu akiwepo, paroko, wazee wa kanisa, kisha waumini. Wapo wanaokiacha cha Mtakatifu Vasilio. Hilo hutofautiana kanisa kwa kanisa, muulizeni paroko. Jambo la lazima ni kila kipande kitajwe jina kabla ya kuinuliwa. Ubishi mwingi hutokea pale vipande vinapokatwa vyote, vikawekwa kwenye sahani, na watu wakajichagulia.

Ikiwa hamtawahi tarehe 1, msihofu. Parokia na vyama hukata vasilopita Januari nzima na hata Februari, ilimradi Kwaresima haijaanza. Angalieni tu kalenda ya mfungo: kuanzia 25 Desemba hadi 4 Januari hakuna mfungo hata Jumatano na Ijumaa, lakini tarehe 5, mkesha wa Theofania (sikukuu ya Ubatizo wa Bwana), ni siku ya kufunga, na keki yenye siagi na mayai haifai.

---

Hesabu_Jikoni

Niongeze kuhusu kisu kuigonga sarafu. Hapa jibu liko kwenye namna sarafu inavyokaa.

Chukua keki ya duara ya sm 28 yenye vipande 16. Kila kipande ni nyuzi 22.5 za mzunguko. Sarafu yenye kipenyo cha mm 24, ikilazwa sm 10 kutoka katikati, inachukua karibu nyuzi 14. Yaani kisu kitaipata takriban mara 6 katika kila 10. Ndiyo sababu watu wanaona kana kwamba sarafu daima iko kwenye mstari. Sasa isimamishe kwa ukingo wake, iwe kama ukuta unaotoka katikati ya keki kwenda pembeni. Unene wake pamoja na foili ni kama mm 3, inachukua nyuzi 2 hivi, na kisu kitaigonga chini ya mara 1 katika 10. Keki iliyopanda sm 5 inaifunika vizuri. Hii ni faida nyingine ya kuiweka baada ya kuoka, kwa sababu kwenye rojo huwezi kuisimamisha ikakaa.

Kwa trei yako habari ni nyingine. Ukikata safu 7 kwa 10 unapata vipande 70 vya sm 5 kwa 4.5. Hapo sarafu ya mm 24 iliyolazwa popote itagongwa mara 3 katika 4, na hata ukiisimamisha, zaidi ya nusu ya nafasi ni ya kugongwa, kwa kuwa kisu kinapita pande zote mbili. Kwa hiyo usiibahatishe. Amua mistari kwanza, kisha weka sarafu katikati ya mraba mmoja.

Nashauri hivi. Keki ikiwa imegeuzwa chini-juu, pima kwa rula na chomeka vijiti vya meno kwenye kingo kila sm 5 upande mmoja na kila sm 4.5 upande mwingine. Viache hapo. Piga kura mbili kwa vikaratasi, moja ya 1 hadi 7 na nyingine ya 1 hadi 10. Mraba uliotoka ndipo sarafu inapoingia, katikati kabisa. Funika kwa ubao, geuza. Vijiti bado viko pembeni na vinamwonyesha mkataji mistari ileile. Aliyeiweka sarafu asikate, asigawe, na asiwepo wakati orodha ya majina inapopangwa. Orodha iandikwe kabla ya kura.

Vipande 70 vinawatosha: 60 vya watu, 5 vya Kristo, Mzazi-Mungu, Vasilio, kanisa na maskini, na 5 vinavyobaki viwe vya wagonjwa na waliosafiri.

---

MuuguziMama

Naomba sehemu ya watoto ipewe uzito wake.

Sarafu isafishwe hivi: sabuni na mswaki mpya, hasa kwenye maandishi na ukingo, suuza, chemsha dakika 10, kausha. Usiiloweke kwenye siki ili ing'ae. Siki inaitoa shaba juu. Ifunge kwanza kwa karatasi ya kuokea, kisha foili tabaka mbili, ncha zikunjwe zisiwe na makali. Sarafu za rangi ya shaba na za shaba nyeupe hazifai, machungwa na mtindi vina asidi na zitaacha ukijani na ladha ya chuma. Zile za zamani za Afrika Mashariki zenye tundu, za senti 5 na 10, ni nzuri kwa kumbukumbu lakini ni za shaba, ziacheni. Zenye metali mbili, duara la rangi moja na ukingo wa rangi nyingine, hukusanya uchafu kwenye kiungio. Inayofaa zaidi ni ya fedha halisi au medali ya chuma kisichoshika kutu. Ugiriki wanauza vipande vya namna hiyo vilivyopigwa namba ya mwaka.

Ukubwa pia una maana. Msifuate sarafu ndogo kwa kuogopa kisu. Sarafu ndogo ndiyo inayomezwa. Ichukueni ya mm 24 hadi 27, ambayo mtu anaihisi kwa uma kabla haijafika mdomoni.

Watoto chini ya miaka 5 wasipewe kipande kizima. Mtu mzima akivunje kwa vidole mpaka kiwe makombo makubwa, mbele ya mtoto, kisha ampe. Ikiwa sarafu imo, ni ya mtoto, imeshapatikana bila kupita mdomoni. Watu wote watangaziwe kabla ya kula kwamba kuna sarafu, kwa sababu wageni wapo na hawajui. Wazee wenye meno ya bandia nao wakivunje kwa mkono. Na kipande chochote kisipashwe moto kwenye maikrowevu mpaka sarafu ionekane. Foili na chuma vitatoa cheche.

Mtoto akimeza sarafu na anapumua na kuongea, msimtapishe na msitie kidole kooni. Apelekwe hospitali apigwe eksirei, hasa akitokwa mate mengi, akikataa kumeza au akilalamika kifua. Akiwa amekabwa, hawezi kukohoa wala kutoa sauti, na ana zaidi ya mwaka mmoja: mwinamisheni, mapigo 5 katikati ya mabega kwa kiganja, kisha misukumo 5 ya tumbo juu ya kitovu, mrudie hivyo huku mwingine akiita msaada.

Kuna njia ya kuepuka chuma kabisa. Skandinavia wanaficha lozi moja nzima kwenye uji wa wali wa Krismasi. Lozi inafanya kazi kwenye keki pia, mradi hakuna mwenye mzio wa karanga na lozi. Wengine hutumia haragwe kavu, kama Wafaransa walivyofanya zamani kwenye keki yao ya Januari. Likiwa haragwe jekundu, lilowekeni kwanza usiku kucha, mwageni maji hayo, kisha lichemsheni angalau dakika 10 kwa moto mkali, maana likiwa bichi lina sumu na joto la ndani ya keki halitoshi kuiondoa.

---

JikoLaParokia

Mungu awabariki, nimepata zaidi ya nilichouliza. Yamebaki matatu. Sarafu ikitoka kwenye kipande cha Kristo au cha maskini inakuwaje? Kisu kikiigonga licha ya yote, nani anaichukua? Na keki ikiisha bila sarafu kuonekana?

---

Mswahili_Athens

Ikitoka kwenye cha Kristo au Mzazi-Mungu, sarafu inabaki kanisani na inahesabiwa ni baraka ya wote kwa mwaka huo. Ikitoka kwenye cha maskini, zawadi iliyoandaliwa inakwenda kwa mhitaji halisi, na ni vizuri paroko amtambue mapema. Parokia nyingi humpa mpataji ikoni au kitabu, na kama sarafu ni ya thamani inarudishwa kutumika mwaka unaofuata. Hilo lisemwe kabla ya kukata.

Kisu kikiigonga, kanuni ya kawaida ni upande wenye sehemu kubwa ya sarafu. Usiivute kwanza. Tenganisha vipande taratibu uone imebaki wapi zaidi. Ukiichomoa umeondoa ushahidi. Waserbia hawana tatizo hili, maana mkate wao wa Krismasi, česnica, wanauzungusha kisha wote wanaumega kwa mikono, na sarafu inabaki na aliyeimega.

Isipoonekana, mara nyingi iko kwenye vipande vilivyotengwa, vya Kristo, kanisa na wasiokuwepo, ambavyo hakuna aliyevigusa. Vivunjeni hadharani kabla watu hawajaondoka. Vile vya wagonjwa visitoke kanisani bila kukaguliwa, kwa sababu anayepelekewa nyumbani anaweza asijue kuna sarafu.

---

Mwokaji_EA

Kuhusu namba za mwaka juu ya keki: subiri saa 3 baada ya kutoka ovenini. Keki ya vuguvugu inayeyusha sukari ya unga na namba zinapotea. Kata namba kwenye karatasi ngumu, laza juu ya keki, chekecha sukari kwa chujio, kisha inua karatasi wima, si kwa kuburuta. Fanya asubuhi ileile. Keki yenyewe oka siku moja kabla, ifunike, isiingie kwenye friji maana inakauka. Sarafu nayo iwekwe asubuhi, foili isilale usiku kucha kwenye keki yenye juisi ya machungwa.

Kisu kiwe chenye meno, kirefu kuliko upande mfupi wa keki kama mnacho, na kitambaa chenye unyevu pembeni cha kukifuta kila baada ya mistari miwili. Baada ya padre kukata vipande vya kwanza, mkataji amalizie mistari yote 9 mifupi kabla ya mirefu 6. Vipande vinabaki vimebanana na havianguki.